Siku kumi za darasa la bima: laki nne na nusu yangu ilikwenda wapi

Watu watatu wameniuliza wiki hii kama ile kozi ya bima kwa wageni wa kazi, niliyosoma mwezi wa tatu, inastahili hela yake. Nimechoka kuandika jibu lilelile WhatsApp, kwa hiyo naliweka hapa lote, mwenye muda asome.

Jibu la haraka ni hili: jioni nne kati ya kumi zilirudisha ada yote. Zile sita ningebaki nyumbani nisingepungukiwa kitu. Jina la kituo sitaji, kwa sababu ofisi yetu bado inapeleka watu pale, na mimi mwenyewe bado nina ugomvi nao wa cheti. Nitaufikia.

Mjue kwanza anayesema ni nani. Nimefanya klaringi, kazi ya kuwatolea watu mizigo forodhani, miaka tisa bandarini Dar es Salaam. Bima kwangu ilikuwa karatasi moja katikati ya karatasi nyingine nyingi. Tangu Januari 2018 mzigo unaoingia nchini unatakiwa uwe umekatiwa bima na kampuni ya hapahapa Tanzania, kwa hiyo karatasi hiyo ilipita mikononi mwangu kila siku, nami nikawa naangalia tarehe, jina la meli na muhuri, basi. Mwaka jana nikahamia ofisi ya dalali wa bima pale Kariakoo. Bosi aliniambia baada ya mwezi mmoja, bila kunikwaza: "Dada, wateja wanakusikiliza, ila wakiuliza swali la pili unanyamaza." Ndiyo nikapelekwa darasani. Ada laki nne na nusu, ofisi ikatoa nusu, nusu nikatoa mimi.

Masomo ni saa kumi na moja na nusu jioni mpaka saa mbili na nusu usiku, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki mbili. Tulikuwa ishirini na wawili. Wengi walitoka benki, maana siku hizi benki nazo ni mawakala wa bima na mtu aliyezoea kupokea amana anajikuta anauza bima ya nyumba. Kulikuwa na nesi mmoja aliyehamia kampuni ya bima ya afya, vijana wawili waliomaliza chuo cha fedha cha IFM juzijuzi, wakala wa mabasi wa Ubungo, na dada wawili kutoka Unguja waliokuwa wamepanga kwa ndugu Magomeni ili wahudhurie. Mchanganyiko mzuri. Nasema mapema kwamba nusu ya niliyojifunza niliipata kwao wakati wa chai.

Jioni tatu za kwanza zilikuwa za slaidi. Mwalimu wetu wa kwanza alikuwa kijana mwenye suti safi na sauti nzuri, na slaidi zake zilikuwa za Kiingereza kitupu, naye akizisoma kama zilivyo. Tukaanzia moto mkubwa wa London wa 1666, tukaingia kwenye mgahawa wa kahawa wa Edward Lloyd walikokutana wenye meli na matajiri waliokubali kubeba hatari zao, tukakaa humo jioni moja na robo. Sikatai, ni hadithi tamu, na mtu wa bandari kama mimi lazima aipende. Lakini historia ya bima ya nchi hii ilipewa sentensi moja: "NIC ilianzishwa, kisha soko likafunguliwa." NIC ni Shirika la Bima la Taifa.

Jamani. Mteja wangu wa Kariakoo ana miaka sitini na mbili. Lloyd hamjui. NIC anaijua sana. Shirika lile lilianzishwa 1963, likataifishwa 1967 baada ya Azimio la Arusha, na kwa karibu miaka thelathini ukitaka bima Tanzania Bara hukuwa na mlango mwingine wa kugonga, mpaka sheria ya 1996 ilipofungulia kampuni binafsi. Halafu ndiyo ikaja sheria ya 2009 iliyotupatia TIRA kama mamlaka ya usimamizi wa bima. Mzee wa umri huo ananiambia "bima mnachukua tu, hamtoi", na kumbukumbu yake imeanzia huko, enzi za mlango mmoja. Mgeni wa kazi asiyejua hilo atadhani anatukanwa yeye. Hii ndiyo historia ninayoitaka kwenye slaidi, na ile kahawa ije baadaye kama muda ukibaki.

Kisha zikaja kanuni, zile zinazofundishwa kila mahali. Lazima uwe na maslahi ya kibima, yaani kitu kikiharibika uumie wewe, huwezi kukatia bima nyumba ya jirani ukakaa ukiombea iungue. Lazima useme ukweli wote bila kusubiri kuulizwa. Fidia ikurudishe ulipokuwa, isikutajirishe. Kampuni ikishakulipa inachukua nafasi yako ya kumdai aliyekugonga. Hapa mwalimu alifundisha vizuri kiasi, isipokuwa alipofika kwenye kesi maarufu ya Carter na Boehm ya 1766. Slaidi ilisema Carter alificha habari, akanyimwa fidia, na hapo kanuni ya uaminifu ikazaliwa. Tukaandika wote. Nami niliandika, kwa kalamu nyekundu.

Jioni ya sita akaingia mtu niliyempa jina la Mzee wa Madai, na kuanzia hapo ndipo ninapowasifu.

Mstaafu. Shati la mikono mifupi, miwani ya kamba, mfuko wa khaki uliojaa nakala za mafaili ya madai ambayo majina yamefutwa kwa wino mweusi. Hakuwasha projekta. Akatugawia polisi ya bima ya moto, yaani mkataba wenyewe, kurasa kumi na nne, akasema, "Fungueni ukurasa wa tisa."

Kijana mmoja wa benki akauliza, "Mzee, hatuanzi wa kwanza?"

"Wa kwanza wameandika watu wa mauzo. Wa tisa wameandika watu kama mimi."

Ukurasa wa tisa ndipo yalipoanza mambo yasiyofidiwa. Alitufanya tuisome polisi kinyumenyume: kwanza yasiyofidiwa, kisha masharti, kisha jedwali lenye kiasi na tarehe, mwisho kabisa ile ahadi tamu ya ukurasa wa kwanza. Ukifika kwenye ahadi ukiwa umeshapita huko kote unaiona umbo lake halisi. Niliporudi ofisini nilizifungua polisi za wateja wangu watano kwa mtindo huo, na wawili niliwapigia simu siku hiyohiyo. Mmoja alikuwa ameahidi kwenye masharti kwamba duka lina mlinzi wa usiku. Mlinzi alishaondoka tangu mwaka juzi.

Hesabu yake ya duka la Kariakoo sitaisahau. Duka lina mali ya milioni themanini. Mwenye duka, ili ada iwe ndogo, amekatia milioni arobaini. Moto unaunguza mali ya milioni ishirini. Anakuja ofisini anasema, mimi nina bima ya arobaini, hasara ni ishirini, nipeni ishirini yangu. Mzee akaandika ubaoni: arobaini gawanya kwa themanini, mara ishirini. Kumi. Amelipia nusu ya mali, anafidiwa nusu ya hasara. Na kwenye hiyo kumi polisi inasema asilimia kumi ya kwanza ni ya mteja, kwa hiyo anaondoka na tisa.

Ukumbi ukanyamaza. Hakuna mtu wa Dar aliyesahau soko kuu la Kariakoo lilivyoungua Julai 2021, kwa hiyo hesabu hiyo haikuwa ya ubaoni tu.

Halafu akaongeza jambo ambalo sikulikuta kwenye kijitabu cha kozi. Mwenye duka huyo huenda hakudanganya. Alipokata bima mwezi wa kwanza, stoo ilikuwa na mali ya arobaini kweli. Ikaja Idi, ikaja Krismasi, akajaza stoo mara mbili, na polisi ikabaki ileile. "Wakala mwema," akasema, "anampigia simu mteja kabla ya sikukuu, hampigii kumtakia heri, anampigia kumuuliza stoo ina nini." Nimeanza kufanya hivyo. Wateja wengine wananiona mbea.

Ni yeye pia aliyetuokoa na Carter. Mtu alitaja kesi ile kwa namna tulivyoandika, Mzee akavua miwani. Carter alikuwa gavana wa ngome ya Marlborough kule Sumatra, akakata bima London dhidi ya ngome kutekwa na adui wa kigeni, Wafaransa wakaiteka, na Boehm aliyebeba hatari akagoma kulipa akidai amefichwa mambo. Jaji Mansfield akampa ushindi Carter, kwa kuwa mengi aliyodai kufichwa Boehm ni mambo aliyopaswa kuyajua au kuyauliza mwenyewe. Kanuni ya uaminifu imetoka kwenye kesi hiyo, ndiyo, ila inakata pande zote mbili. Kesi ambayo mkata bima alishinda tulikuwa tumefundishwa kama ameshindwa! Sijui ni wageni wangapi wa kazi wamepita pale na kalamu nyekundu kama yangu. Niliwaandikia kituo kuhusu slaidi ile. Walinijibu "asante kwa maoni".

Zoezi bora la kozi nzima lilikuwa lake pia, na lilichukua dakika arobaini tu. Akatutaka tumweleze eksesi, kama ile asilimia kumi ya mwenye duka, mama anayeuza vitenge, kwa Kiswahili, bila kulitumia neno lenyewe. Wasomi wote tukaanza kujikanyaga. Kijana wa IFM alisema ni "kiwango cha hasara kinachobebwa na mkatiwa kabla ya wajibu wa mkatiaji kuanza", na Mzee akamwambia mama wa vitenge ameshaenda kuhudumia mteja mwingine. Wa mabasi akatoa mfano wa nauli na konda uliopotea njiani. Mimi nilijaribu mfano wa ushuru, nikachekwa. Yule nesi ndiye aliyemaliza kazi: "Mama, hasara ikitokea, shilingi za kwanza ni zako, zinazofuata ni zetu." Mzee akampigia makofi. Hiyo sentensi naitumia kila siku, na haikutoka kwenye slaidi yoyote.

Na hapa ndipo malalamiko yangu makubwa yalipo. Mtihani ni Kiingereza, slaidi ni Kiingereza, kijitabu ni Kiingereza, na polisi zenyewe mara nyingi ni Kiingereza, haya, nakubali. Lakini mteja hajawahi kuniuliza swali kwa Kiingereza hata siku moja. Kozi ya mgeni wa kazi ingepaswa kuwa na jioni mbili nzima za zoezi kama lile. Walitupa dakika arobaini, tena kwa hiari ya mstaafu mmoja.

Jioni ya nane ilikuwa ya bima ya mizigo, uwanja wangu, kwa hiyo nisomeni mkijua nina upendeleo. Mwalimu wa tatu, mpole sana, akasema ukikata bima ya masharti ya daraja A mzigo wako umekingwa "kwa kila kitu". Nikanyoosha mkono. Daraja A ni pana kuliko B na C, sawa, lakini haifidii hasara iliyosababishwa na kuchelewa, wala kitu kinachooza kwa asili yake, wala ufungashaji mbovu. Nimeona kontena la vitunguu limekaa mpaka maji yanatoka mlangoni; mwenye nalo alikuwa na hiyo "kila kitu" mkononi. Mwalimu alikubali, akashukuru, akaendelea. Nilimheshimu kwa hilo.

Alichokosa ni hasara ya pamoja, ambayo kwa mfanyabiashara wa Kariakoo ni habari ya kushtua kweli. Meli ikipata janga na nahodha akatoa kitu au gharama ili kuokoa chombo na mizigo yote, wenye mizigo wote wanachangia, hata ambaye kontena lake halikuguswa na tone la maji. Meli ya Ever Given ilipokwama mfereji wa Suez Machi 2021 kwa siku sita, wenye meli walitangaza hasara ya pamoja. Mwenye bima, kampuni yake inatoa dhamana na mzigo unaachiliwa. Asiye na bima anatakiwa aweke fedha taslimu kwanza, na wakati anazitafuta, mzigo unakaa na gharama za kuhifadhi zinapanda kila siku. Nimewahi kusimama dirishani na mtu wa namna hiyo. Kwenye kozi ilikuwa nukta moja kati ya nukta saba. Wakati wa chai nikawaelezea wenzangu pembeni, kachori mkononi, ikawa darasa la pili barazani.

Kuhusu takaful, bima ya Kiislamu, aibu. Wale dada wa Unguja waliuliza mara mbili, maana kwa nusu ya wateja wao ndilo swali la kwanza. Mara ya pili wakajibiwa kwamba ni bima ileile, jina tu. Si kweli. Kwenye takaful mchango unatolewa kwa nia ya tabarru, ya kusaidiana, unaingia mfuko wa washiriki, kampuni inauendesha kwa ujira au kwa mgao, na fedha haziendi kwenye uwekezaji wa riba. Hatari haiuzwi kwa kampuni, washiriki wanaibeba pamoja. Haya nimeyajua kwa dada mmoja kati ya wale wawili, kwenye daladala ya kurudi. Yeye alikuwa amelipa ada sawa na mimi.

Bima ya magari ilikwenda haraka na vizuri, sina mengi. Tulipiga hesabu ya ile 118,000 ya bima ndogo, inayofidia watu wengine tu, ya gari la binafsi: laki moja ada, elfu kumi na nane VAT. Tukafundishwa kuhakiki stika kwenye mfumo wa TIRA kwa simu, na mwalimu akasema kila mwenye gari ahakiki lake papo hapo. Wakala wa mabasi akagundua bima ya gari lake dogo imekwisha siku nne zilizopita, na gari liko nje limeegeshwa. Tulicheka, yeye hakucheka. Nasikia alirudi Ubungo kwa bodaboda.

Mtihani: maswali hamsini ya kuchagua, ufaulu sitini kwa mia. Nilipata 84. Swali la Carter lilikuwemo, na jibu "sahihi" lilikuwa lile la slaidi. Nilichagua la Mzee.

Sasa cheti. Tangazo lao linasema ukimaliza "unakuwa tayari kufanya kazi ya uwakala". Wawili darasani walielewa kwamba wakitoka pale wanaanza kuuza kesho yake. Hapana. Cheti cha kuhudhuria si leseni. Wakala na dalali wanasajiliwa na TIRA, kwa utaratibu wao, na kituo kilipaswa kulisema hilo siku ya kwanza kwa maandishi makubwa. Anayetaka njia ndefu na imara ana IFM, au mitihani ya CII, chama cha kitaaluma cha bima cha London, ambayo unaifanya ngazi kwa ngazi ukiwa kazini. Hii ya siku kumi ni ya kukufumbua macho tu.

Ningewapa nyota tatu kati ya tano. Mbili na nusu ni za Mzee wa Madai. Kama unatoka fani nyingine na umeingia ofisi ya bima mwaka huu, nenda, ila kabla hujalipa piga simu uulize kama yeye anafundisha awamu hiyo. Wakisema "tutakujulisha", subiri awamu nyingine. Kama umesoma bima chuoni, utapoteza wiki ya kwanza yote. Keti upande wa madirisha, kiyoyozi cha upande wa pili kinadondosha maji kwenye daftari. Chai ipo, vitafunio hakuna, kachori za mlangoni ni mia tatu.

Cheti chenyewe kilichukua wiki saba, na kilipofika jina langu la ukoo lilikuwa limeongezewa herufi mbili. Kukichapa upya wanataka elfu ishirini. Nimewaandikia kwamba kosa ni lao, kwa hiyo shilingi za kwanza ni zao na zinazofuata pia. Bado hawajajibu.